Walizika Mgomba

Serafina alikuwa na ndoo ya kahawa mbivu, imefika nusu, siku alipoambiwa kwa mzaha kwamba binti yake waliyemzika mwaka jana alikuwa amepiga simu.

Aliyemwambia hakukusudia ubaya. Rosemary, mke wa katekista, alikuwa mtu wa maneno mengi, na kuchuma kahawa kimya kimya ni adhabu. Walikuwa shambani kwake, maana Juni kahawa huiva yote kwa mpigo na wanawake wa Maguu husaidiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka korongoni. Rosemary alikuwa ameanza na mbolea feki, akaja kwa bei ya sabuni, na sasa alikuwa amefika kwa matapeli wa simu.

"Hawana haya hata chembe, Mama Beata. Zamani walikuwa wanasema ile hela tuma kwenye namba hii. Sasa wanapiga kwa majina ya marehemu! Juma Kuu walimpigia mume wangu, Mwalimu, mwanamke anajiita Beata. Analia kabisa. Na mtoto wamemweka pembeni naye analia. Mwalimu akawachana, akawaambia Mungu anawaona."

Serafina alibaki ameshika tawi. "Alisema Beata nani?"

"Beata wa Mama Serafina. Matapeli hao, wana njia zao za kujua majina. Nilitaka kukwambia, Mwalimu akasema nisikutoneshe kidonda." Hapo Rosemary alimtazama usoni, na mzaha ukamwisha. "Mama Beata? Umekuwaje?"

Serafina alikuwa ameshaiacha ndoo. Alishuka kilima kwa kukata katikati ya ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo wamelimia tangu enzi za mababu, akiruka tuta hadi tuta na miaka yake hamsini na tisa. Maharage ya watu aliyakanyaga bila kuyaona.

Mtu asidhani Beata alizikwa kwa sababu mwili wake uliletwa. Hakuna mwili ulioletwa. Beata aliolewa na Jastini, Mnyasa wa Mbamba Bay aliyekuwa akiuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, hadi Mbinga na Songea. Biashara ilipoyumba, Jastini akasikia kwamba ng'ambo ya mto Ruvuma, katika miji ya pwani ya kaskazini ya Msumbiji, mtu mwenye nguo za kuuza hakai bure. Wakahama na watoto wawili, Victor na Glorious. "Wanasema Kiswahili huko, mama," Beata alimwambia, "ni kama nyumbani tu." Wakakaa miaka mitatu. Kisha wakaja watu wenye bunduki waliosema wanapigania dini. Dini gani hiyo, hakuna aliyeijua, maana mtu wa kwanza waliyemchinja alikuwa shehe wa msikiti, na wa pili alikuwa Jastini.

Hayo yaliletwa na mchuuzi mmoja aliyekimbia, akatembea siku nyingi hadi akatokea Liparamba, mpakani, miguu imevimba. Alimwona Jastini kwa macho yake. Beata na watoto hakuwaona. Aliiona nyumba tu, nayo ilikuwa jivu. Basi kwa jivu hilo watu wa Maguu wakahesabu maiti nne.

Ulipopita mwaka, Raimundi, shemeji yake Serafina na mkubwa wa ukoo tangu Izidori, mume wa Serafina, afariki, akasema waliopotea wapumzishwe. Ndivyo wazee walivyofanya, alisema, watu walipokwenda vitani wasirudi. Kukakatwa mgomba, ukafungwa sanda pamoja na nguo za marehemu, ukazikwa. Katekista Vitalis akaongoza sala, kwaya ikaimba, msalaba ukasimikwa wenye majina manne. Tena isisemwe kwamba Serafina alilazimishwa. Shati la shule la Victor, la darasa la kwanza, alilitia mwenyewe ndani ya sanda. Alinyoa nywele. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na baada ya hapo, Mungu amsamehe, alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mchuuzi yule aje.

Usingizi huo ndio uliomchoma kuliko yote wakati anashuka kilima.

Vitalis alikuwa uani akitengeneza kichanja cha kuanikia kahawa. Mzee wa heshima, katekista wa kigango kwa miaka thelathini na minane. Nusu ya watu wa Maguu walijifunza sala miguuni pake. Kila siku Serafina alimwamkia kabla hajafika mlangoni. Leo hakumwamkia.

"Simu ya Juma Kuu. Niambie yote."

Vitalis aliweka nyundo chini. "Rosemary huyu na mdomo wake! Mama Beata, kaa kwanza."

"Sikai. Walipiga mara ngapi?"

"Mara tatu," alisema Vitalis. "Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, na Jumamosi kabla ya mkesha. Namba yenyewe si ya kwetu, inaanza na mbili tano nane."

Mbili tano nane. Namba ya Jastini ilikuwa inaanza hivyo hivyo, Serafina alikuwa amebandika karatasi yake ukutani miaka mitatu. Na namba ya Mwalimu Vitalis je? Nani asiyeijua! Zamani ndiyo ilikuwa simu pekee yenye mtandao upande huu wa kilima. Watoto waliokwenda sekondari waliijaza kwenye fomu, mahali pa namba ya mzazi. Beata aliijaza miaka minne mfululizo. Mtu aliyepoteza simu, mume, nyumba na nguo, namba iliyobaki kichwani mwake ilikuwa hiyo.

"Alisema nini?"

"Siku ya kwanza alisema, Mwalimu, ni mimi Beata, niko na watoto, nitafutie mama. Nikamwambia muogope Mungu, Beata tumemzika. Nikakata. Siku ya pili akasema, Mwalimu, usikate, wanataka tu kujua kama kuna mtu anayenijua. Unaona? Huo ndio mtego wao. Ukishasema ndiyo namjua, wanaanza kuomba."

"Ukakata."

"Nilikuwa naingia Njia ya Msalaba, Mama Beata, watu wanasubiri. Lakini siku ya tatu nilitulia. Nikasema nisije nikamhukumu mtu bure, ngoja nimpime." Vitalis alijinyoosha, na hata wakati ule, mbele ya mama wa mtoto, akaona fahari kidogo kwa busara yake. "Kwanza nikamsemesha Kimatengo. Akanijibu Kiswahili. Mtoto wa hapa, anamjibu mwalimu wake Kiswahili? Kisha nikamwambia: kama kweli wewe ni Beata niliyekufundisha mimi, sali Salamu Maria. Moja tu. Nikusikie."

Serafina alishika mguu wa kichanja.

"Akanyamaza. Mtoto analia huko nyuma, yeye kimya. Nikarudia, nikamwanzishia kabisa. Akasema taratibu, Mwalimu, siwezi. Basi nikajua. Beata wa kipaimara, aliyekuwa anaongoza rozari akiwa na miaka kumi, ashindwe Salamu Maria? Nikaifungia namba isinisumbue tena. Mkwe wangu alinifundisha jinsi ya kufungia."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayomfanya mtu aseme polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Serafina alisema polepole.

"Mwalimu. Walimchinja mumewe kwa sababu gani?"

"Wanasema kwa ajili ya dini."

"Na huyo mwenye simu, aliyempa Beata dakika moja ya kuongea, alikuwa amesimama wapi?"

Vitalis aliokota nyundo yake, akaiweka chini tena.

"Alikuwa amesimama hapo hapo!" Serafina sasa alipiga kelele, na kuku wakatawanyika. "Na bunduki! Anasikiliza kila neno! Ndiyo maana amesema Kiswahili, wamwelewe wasimuue! Na wewe umekaa hapa na shati lako la Pasaka unamwambia asali, asali mbele yao, asali wamkate shingo ndipo uamini kwamba ni yeye! Mtoto wangu kakaa kimya ili aishi, wewe ukaandika kimya chake kuwa uongo. Miaka thelathini na minane unafundisha watu kusali, Mwalimu, hukuwahi kufundishwa kusikiliza?"

Rosemary alikuwa amefika, anahema, na ile ndoo ya kahawa kichwani. Alisikia yote. Alishusha ndoo, akaingia ndani, akatoka na simu ya mumewe. Hakumwomba ruhusa. Alibonyeza hapa na pale mpaka akaipata namba iliyofungiwa, akaifungua, akapiga, akaiweka sikioni mwa Serafina. Sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kireno, kwa upole na utaratibu, kisha ikarudia. Serafina alijaribu kumjibu. "Dada, samahani, nampata wapi Beata?" Yule mwanamke akarudia maneno yale yale, maana ilikuwa mashine.

Serafina akaifunga simu kwenye pindo la kanga. Vitalis akasema hiyo ni simu ya kigango, watu wanapiga kwa wagonjwa na misiba.

"Watanipigia mimi," alisema Serafina, akaondoka nayo.

Siku ya pili alikwenda kwa Raimundi. Alitaka jambo moja tu. Wilayani Mbinga kulikuwa na ofisi iliyokuwa ikipokea majina ya watu waliotekwa ng'ambo, na Rosemary alikuwa ameshampigia karani wake. Karani alijibu kwamba familia hiyo ilikwisha kuandikwa imefariki, kwa barua ya mkuu wa ukoo yenye mhuri wa kijiji, na aliyeandika ndiye afute.

Raimundi alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ilimkera kuliko matusi.

"Shemeji," alisema, "nakuelewa. Msiba wa mtoto hauishi. Lakini tumekwisha kumzika."

"Mlizika mgomba."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mlizika mgomba na shati la mtoto! Mgomba hauna roho, Raimundi. Mwanangu anayo."

"Na kama si yeye? Niende ofisini niseme ukoo wetu ulidanganya serikali na Kanisa, uliwasalia watu hai sala za wafu? Halafu ithibitike ni matapeli? Kaburi halichezewi, shemeji. Ukimfungulia mmoja, linadai mwingine. Nina wajukuu mimi."

Hapo ndipo Serafina alipouona mzizi wenyewe. Mtu huyu hakuwa na shaka kwamba Beata yu hai. Alikuwa na hofu kwamba yu hai. Watatu waliokwisha kuliliwa walikuwa wepesi kubeba. Watatu walio hai porini, wanaosubiri mtu aseme nawajua, ni mzigo wa kulala nao kila siku. Aibu ya barua moja ilikuwa nzito kwake kuliko mzigo huo. Serafina alimwambia hivyo hivyo, bila kupaka sukari. Raimundi akasema amechanganyikiwa, na kwamba Jumamosi ataita jumuiya nzima ije imwombee.

Siku zile Serafina aliishi na simu ile. Aliibeba shambani, aliiweka kando ya mafiga, aliipandisha kilimani kila mtandao ulipoyumba. Watu waliopiga kumtafuta katekista walimpata yeye, akapokea taarifa za wagonjwa na ratiba za kwaya, akazifikisha kwa Rosemary bila kukosea. Matapeli nao walipiga, wa kweli. Kijana mmoja alimwambia ameshinda zawadi ya kampuni. Serafina alimsikiliza hadi mwisho. "Ndiyo, mwanangu. Endelea, nakusikia," alimwambia, asije akawa ni mtu anayezungumza kwa mafumbo chini ya bunduki. Yule kijana alichoka mwenyewe akakata. Tangu siku hiyo hakumkatia mtu simu, awe nani.

Jumamosi asubuhi jumuiya ilijaa uani kwa Raimundi, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti. Vitalis alikuja, akakaa nyuma kabisa kama mgeni. Serafina aliwekwa katikati kama mgonjwa. Walianza rozari. Raimundi aliongoza kwa sauti ya kujaa, na watu wakaitikia, na ilikuwa sauti nzuri. Hata Serafina, kwa hasira zake zote, midomo ilimponyoka akaitikia.

Walikuwa kwenye fungu la tatu simu ilipoita. Mbili tano nane, lakini si namba ile. Hii ilikuwa nyingine.

"Nyamazeni!" Serafina alisimama. "Nyamazeni nyote! Asitaje mtu neno la Kanisa, hata moja! Wanasikia!"

Wengine walinyamaza kwa mshtuko. Raimundi alifumba macho akapandisha sauti, "Salamu Maria, umejaa neema..." kama anayekemea pepo, na kidole cha Serafina kilikuwa tayari kwenye kitufe. Basi alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa Maguu aliyewahi kuonekana akilifanya. Alimfuata shemeji yake, mkubwa wa ukoo, mbele ya watu, akamziba mdomo kwa kiganja cha mkono, akamkandamiza kichwa hadi kwenye ukuta. Mkono ulikuwa na ugumu wa jembe la miaka hamsini. Raimundi alitoa macho. Kwa mkono mwingine Serafina akapokea simu.

"Nani wewe?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya ujana, isiyo na haraka.

"Mimi ni mama yake Beata."

"Unamjua?"

"Namjua. Nimemzaa mimi. Na watoto wake nawajua, Victor na Glorious. Wote watatu ni wangu."

Uani hapakuwa na mtu aliyekohoa. Kisha upande wa pili kukasikika simu ikibadilisha mikono.

"Mama."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayesoma kitu alichoandikiwa. Serafina alijizuia asilie, maana kilio kingekula dakika.

"Nipo, mwanangu. Nakusikia."

"Mimi mzima. Glorious yupo, ameng'oka meno ya mbele. Tunapika, tunafua. Wanasema nikiwa na mtu wa kunijua, watapiga tena. Simu isifungwe, mama."

"Haitafungwa. Na Victor? Victor yuko hapo?"

Beata alishusha sauti.

"Walisema mtoto asiye na watu ni wao. Nikawaambia sisi tuna watu. Nikawaambia nina mwalimu wangu, yeye atasema ananijua. Nilipiga mara tatu, mama. Ile ya tatu walikuwa wote wamekaa wanasikiliza. Asubuhi yake wakamchukua. Walimvalisha nguo zao. Wamempa jina jingine. Ilikuwa tuwe watatu kwenye orodha yao ya watu wa kuachiwa, sasa tuko wawili."

Simu ikakatika.

Serafina aliuondoa mkono kwenye mdomo wa Raimundi. Alama za vidole zilibaki mashavuni mwa mzee. Watu walikuwa wamesikia sauti ya kike ikitoka kwenye simu, wamesikia "mama," na sauti ile waliijua; wengi wao walikua nayo. Walichosikia hakikuzidi hapo. Otilia, jirani yake, ndiye aliyeanza vigelegele, na mara ua wote ukalipuka, wanawake wakakumbatiana, mtu akapiga magoti, mtu akaanza wimbo wa kushukuru.

Vitalis alipita katikati yao machozi yakimtiririka. Alimshika Serafina mikono yote miwili. "Yu hai," alisema. "Mama Beata, ni yeye, yu hai. Mungu ametuhurumia. Mungu ameniokoa na dhambi kubwa."

Serafina alimtazama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka akiba tangu siku ile ya kichanja, maneno ya kumvua nguo mtu mbele ya jumuiya yake, na sasa hakuhitaji hata moja.

"Victor walimchukua asubuhi ya Pasaka," alisema, "kwa sababu hakuwa na mtu wa kumjua."

Vitalis hakumwachia mikono. Alibaki ameishika. Waliokuwa karibu waliisikia kauli ile wakanyamaza mmoja mmoja, na wimbo ukakatika. Lakini ng'ambo ya korongo, wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walikuwa wamesikia vigelegele tu, nao wakaitikia, tena na tena, kwa furaha.